Vibati vya Vanila Vilivyokwenda Visiwani

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika kabla mlango haujafunguliwa, nikajificha nyuma ya ukuta ili mtu asione kwamba nimewahi mno. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Mfukoni nilikuwa na sertifika ya shule ya msingi, imefungwa katika plastiki kwa sababu ya mvua. Kituo cha kilimo cha chuo kikuu kilikuwa pembeni mwa mji wa Butembo, upande wa Bulengera, kwenye mteremko ambao leo umejaa nyumba na maduka. Wakati ule palikuwa na kitalu cha kahawa, kitalu cha kinkina, ule mti ambao ganda lake hutoa kinini, na kibanda kimoja cha mabati. Ndani ya kibanda alikaa Moniteur.

Moniteur ni cheo. Alikuwa mtu aliyesomea kilimo cha mikono: chini yake sisi vibarua, juu yake mainjinia. Alinitazama kuanzia viatu.

"Unajua kuandika?"

"Ndiyo, Moniteur. Lakini polepole."

"Polepole ni muzuri. Benye kuandika mbio njo banaharibu rejesta."

Akanipa mkasi wa kukatia bati, debe tupu la mafuta, na msumari. Hiyo ndiyo ilikuwa kalamu yangu kwa miaka mingi. Unakata debe katika vipande vyembamba vya urefu wa kidole, unatoboa tundu upande mmoja, unaandika kwa kukwaruza na msumari, kisha unakifunga kwenye mche kwa uzi wa nailoni. Wino huondoka na mvua na karatasi huliwa na mchwa, lakini alama ya msumari hubaki.

Moniteur alinieleza kwamba kila mti tunaochukua vipandikizi kwake, yaani vipande vya shina vinavyokatwa ili vioteshwe, unaitwa mama, na mama ana namba. Watoto wake nao wapewe namba kwa kufuata walivyokatwa. Kisha akaondoka kwenda Beni kwa kazi zake. Mimi nikabaki na debe langu, na sikuthubutu kumuuliza mtu yeyote kitu chochote. Namba mbili kwenye kibati kimoja zilinichanganya, sikujua ipi ni ya mama na ipi ni ya mtoto. Basi nikaandika namba ya mama, na watoto nikawapa majina kama tunavyowapa wetu nyumbani.

Kwa msomaji asiye Mnande, kabila letu sisi wa Butembo, nitaeleza. Kwetu mtoto wa kiume hupewa jina kulingana na nafasi yake ya kuzaliwa. Wa kwanza ni Paluku, wa pili Kambale, wa tatu Kasereka, kisha Kakule, Katembo, Mbusa, na wa saba Ndungo. Kwa hiyo Moniteur aliporudi alikuta kahawa zimepangwa mstari: 1 Paluku, 1 Kambale, 1 Kasereka, mpaka mwisho wa tuta.

"Kasereka, ni nini hii?" aliniuliza. "Umeniletea jamaa yako yote mu kitalu?"

Vibarua walicheka. Mimi nilitazama chini.

"Na muche ikikufa?" akauliza.

"Ikikufa inabaki na jina yake, Moniteur. Yenye kufuata haipande ku nafasi yake."

Aliacha kucheka. Akaketi juu ya debe, akaniita karibu. Alisema tatizo la vitalu vyote alivyovifanyia kazi ni hilo. Mche namba nne ukifa, mtu anaona aibu ya nafasi tupu, anachukua mche mwingine na kuuita namba nne. Baada ya miaka kumi hakuna anayejua mti huu umetoka wapi, na ukiugua, hujui ufuate ugonjwa mpaka wapi. "Rejesta ni ya mutu mwenye hajazaliwa bado," alisema. "Ukijaza nafasi ya mufu, umemudanganya. Donc, majina yako ibaki vile. Kila mama batoto saba, hapana zaidi. Mama mwenyewe atapumuzika."

Sikumwambia nilikojifunza hayo. Mimi ni Kasereka, wa tatu, lakini nyumbani nilikua peke yangu. Paluku na Kambale walikufa kwa surua kabla mimi sijatembea. Nilipokuwa mdogo nilimuuliza mama kwa nini nisiitwe Paluku, kwa kuwa mimi ndiye mkubwa. Alikuwa anamenya maharage, hakuinua macho. "Paluku iko," alisema. "Hapana hapa tu." Sikuuliza tena.

Nilikaa na Moniteur miaka kumi na mmoja. Alipostaafu nilihamishwa kwenda chini, kwenye kituo cha vanila upande wa Mangina. Butembo ni baridi mno kwa vanila. Mmea huo unataka joto la Beni na kivuli. Huko mkubwa wangu alikuwa Chef de travaux, yaani mwalimu wa chuo kikuu aliye chini ya profesa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkali kwa kazi, na sisi tulimwita Mama Chef. Siku ya kwanza alitaka niache majina nitumie namba. Siku ya tatu alipitia vibati vyangu vyote, akarudi, akasema, "Papa Kasereka, tutaweka vyote viwili. Namba kwa rejesta yangu, majina kwa cahier yako." Na ilikuwa hivyo. Nilikuwa na daftari la shule la mistari miwili. Mche ukifa nilichora duara dogo pembeni ya jina lake.

Kazi ya vanila ni ya subira. Shina linapanda juu ya mti mwembamba wa kushikia kama kamba, na linangoja miaka mitatu kabla ya kutoa ua. Ua linafunguka asubuhi na mchana limekwisha kunyauka. Ndani yake kuna kijingozi kinachotenga upande wa kiume na upande wa kike. Unakiinua kwa mwiba wa mchungwa, unabonyeza kwa kidole gumba, basi. Huko tunasema kuozesha maua, yaani kuyafungisha ndoa. Kazi hiyo walikuwa wakiifanya wanawake wa Mangina, nami nilikuwa mwanamume pekee kati yao, tena bado sijaoa na umri unakwenda.

"Kasereka!" aliita Mama Kahindo, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mwiba wake. "Leo umeozesha maua ngapi?"

"Mia na kitu, Mama."

"Mia! Na weye mwenyewe utaozeshwa na nani? Ama tukuletee mwiba?"

Walicheka mpaka wakashika miti. Ni yeye Mama Kahindo aliyenitafutia mke baadaye, binti wa dada yake, kwa hiyo siwezi kulalamika.

Sasa nifike kwenye habari ya visiwa, maana ndiyo mnayoniuliza kila mnaponiona barabarani.

Kuna nchi moja ya visiwa, maskini kama sisi, katikati ya bahari. Vanila ndiyo ilikuwa inalisha watu huko, mpaka ulipoingia ugonjwa wa kuoza mizizi. Ugonjwa huo ni kuvu anayekaa ndani ya udongo na ndani ya shina. Mmea unaonekana mzima miezi mingi, kisha unanyauka kwa siku chache. Serikali yao ilitafuta vanila isiyooza. Mama Chef alikuwa ameandika kuhusu mama hamsini wa kituo chetu, ambao walisimama miaka yote huku mashamba ya jirani yakioza. Karatasi yake ilisomwa kule. Barua zikaja, mawaziri wakaja, pakawa na mkataba kati ya chuo kikuu chetu na serikali ya visiwa. Sisi tutoe vipandikizi vizima, vijana wao waje kusoma Butembo, na walimu wetu waende kwao kufundisha. Nakumbuka siku ya kutia sahihi: bendera mbili juu ya meza moja, na umeme uliokatika mara tatu. Tulijisikia wakubwa. Mara zote ni sisi tuliokuwa tunapewa. Safari hii tulikuwa tunatoa.

Mkuu wa ushirikiano huo upande wetu alikuwa Directeur wa mradi. Upande wa visiwa, wizara ilimtuma fundi wake wa kilimo, Bwana Nuhu, ambaye wengi kwetu walimwita Docteur. Alikuwa Mwislamu mwembamba, mwenye Kiswahili cha pwani kilichotufanya tumsikilize kama redio. Alipofika kituoni aliniinamia.

"Shikamoo, mzee wangu."

Kwetu hatuna salamu hiyo. "Ndiyo," nilimjibu, na Mama Kahindo akaficha kicheko ndani ya kitenge.

Bwana Nuhu alipenda vibati vyangu. Alitembea navyo mstari kwa mstari, akijifunza, Paluku, Kambale, kama mtoto anayejifunza kuhesabu. Alisema kwao mtoto anaweza kupewa jina la siku aliyozaliwa: wa Ijumaa ni Juma, wa Alhamisi ni Khamisi. "Ninyi mnahesabu watoto, sisi tunahesabu siku," alisema. Akaniomba vibati visafiri pamoja na mimea, visibadilishwe. Mama hamsini, kila mmoja watoto saba: mia tatu na hamsini. Namba hiyo iliandikwa kwenye mkataba na kwenye cheti cha afya ya mimea, karatasi ambayo bila hiyo hakuna mche unaovuka mpaka.

Kisha Ebola ikatokea Mangina. Ninyi mnakumbuka. Kunawa mikono kila kona, kupimwa joto kila kizuizi, watu kuogopana. Juu yake usalama wa barabara nao ulikuwa kama mnavyoujua, wenye silaha wakivizia magari. Kwa wiki nyingi hatukufika kituoni. Nilipofika tena nilikuta majani yameanguka, kivuli kimetoboka, jua limeingia. Watoto tisa wa vanila walikuwa wamekauka, na mama zao, waliokwisha kutoa saba, hawakuwa na shina refu la kukatwa tena. Nilichora maduara tisa kwenye daftari, na mengine tisa kwenye rejesta ya chuo, nikapeleka habari Butembo.

Mama Chef alikuwa safarini kwa masomo. Nilisimama mbele ya Directeur peke yangu.

"Tisa?" alisema. "Ndege iko Alhamisi. Cheti imeandikwa mia tatu na makumi tano. Minister yao atasimama ku aéroport na bakamera. Miye nitamuambia nini, ati jua iliwaka?"

"Tunaweza kutuma mia tatu makumi ine na moja, Monsieur le Directeur. Na barua."

Nilisema kwa sauti ndogo. Sijui kama alinisikia.

"Kasereka. Vanila ni vanila. Hapo jirani hakuna shamba? Kata tisa, funga vibati, njo mwisho. Mutu gani atajua?"

Ningeweza kusema nini? Mnaweza kudhani mtu anahitaji maneno mengi ili akatae. Anahitaji neno moja, na mimi sikuwa nalo. Sijawahi kusema hapana mbele ya meza ya mkubwa. Nilipanda moto, yaani pikipiki, mpaka Mangina. Mama Kahindo wakati ule alikuwa na shamba lake mwenyewe la vanila karibu na mto, na alifurahi kunisaidia.

"Kata tu, Papa," alisema. "Lakini zile za chini, za ku muto, mwaka hii hazina nguvu mingi. Sijue ni nini."

Nilisikia. Lakini za juu zilikuwa fupi, na mkataba ulitaka urefu wa mita moja. Nikakata za chini. Fundi wa vanila akikata hutazama jeraha la shina. Likiwa jeupe na kijani, ni zima. Katika kipande kimoja niliona uzi wa kahawia, mwembamba kama unywele. Nilijiambia ni utomvu. Nikavipaka dawa ya shaba na chokaa, nikavizungushia gazeti lililolowa, kisha nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya hata mara moja tangu siku ya debe. Nilitoa vibati kwenye miche tisa iliyokufa, nikavifunga kwenye miche tisa ya Mama Kahindo. 12 Kambale alikuwa amekufa. Sasa 12 Kambale alikuwa anakwenda kupanda ndege.

Directeur aliagiza nifute pia maduara kwenye rejesta ya chuo. Nilifuta. Kwenye daftari langu sikufuta. Si ujasiri, ni kwamba hakulijua.

Vipandikizi vilifika vizima. Barua ya shukrani ilikuja na mihuri. Mwaka wa kwanza vikaota, mwaka wa pili wakaanza kugawa watoto wa watoto kwa wakulima. Mama Chef alirudi na kupewa cheo cha juu zaidi. Vijana sita wa visiwa walisoma kwetu, wakajifunza kula ugali wa muhogo na kulalamikia baridi ya Butembo. Mimi nilianza kusahau, au nilijifanya.

Mwaka wa tatu, wakati vanila inapotakiwa kutoa ua, Bwana Nuhu alirudi bila kamera. Tuliitwa bureau, yaani ofisini: Directeur, Mama Chef, mimi kwenye kiti karibu na mlango. Bwana Nuhu alikuwa amekonda zaidi. Alifungua bahasha, akamimina juu ya meza vibati vinne.

"Mimea iliyovaa hivi imeoza," alisema. "Na iliyo karibu nayo imeanza. Wizara inasema ugonjwa umeletwa na ninyi, kwa kuwa udongo ule haujawahi kupandwa vanila. Nimewaambia haiwezekani, mama hamsini ni wazima, nimewaona kwa macho yangu. Wananiuliza, basi umetoka wapi? Sina jibu. Nisipokuwa na jibu, watang'oa yote na kuchoma. Kituoni na kwa wakulima. Watu wale wamengoja miaka mitatu, na mwezi ujao maua yanafunguka."

Nilivitazama vibati kutoka nilipokaa. Mwandiko wako mwenyewe unautambua hata kwa mbali. 12 Kambale. 30 Katembo. 41 Paluku. 8 Mbusa.

Directeur alifungua rejesta. "Zote zimetoka kwa mama wazima. Tazama, hakuna hata moja yenye ilikufa. Docteur, nasikitika, lakini itakuwa udongo yenu."

"Papa Kasereka," alisema Mama Chef, "vibati hivi ni vyako?"

"Ni vyangu."

"Kuna kitu unajua?"

Macho yote yakaja mlangoni. Nilifungua mdomo. Directeur akakohoa, akasema, "Mzee amechoka, anangoja retraite, karibu astaafu. Tusimusumbue." Na mimi nikafunga mdomo. Kikao kikaisha.

Nje, kwenye baraza, Directeur alinishika bega kwa upole. "Bado miezi nane, Kasereka. Utapata barua yako ya heshima, tutakufanyia sikukuu. Lakini kama mutu anataka kufukua, akumbuke: mukono yenye ilifunga vile vibati ni yako. Hapana yangu."

Hakusema uongo.

Nilitembea kwa miguu mpaka nyumbani Bulengera, sikupanda moto. Mke wangu alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Nilimweleza yote, kwa mara ya kwanza. Aliacha mchi ndani ya kinu.

"Na bale bakulima ba kule," aliuliza, "bataambiwa nini?"

"Bataambiwa ni udongo yabo."

"Aaa." Akachukua mchi tena, akautua tena. "Mutu akuambie shamba yako njo mbaya, na haiko mbaya. Utalima tena na moyo gani?"

Nilitoa daftari chini ya kitanda. Nilikata ukurasa mmoja safi, nikaandika. Majina tisa, na mbele ya kila jina: huyu alikufa Mangina, aliyevaa kibati chake ametoka shamba jingine karibu na mto. Ilinichukua jioni yote, kwa sababu mkono wangu ni mzito, na kwa sababu kila jina nililiandika mara mbili ili lisomeke. Chini niliweka jina langu lote.

Asubuhi nilimkuta Bwana Nuhu kwenye agence, kituo cha magari, akingoja gari la Beni. Alisimama aliponiona.

"Shikamoo, mzee."

Nilimpa karatasi bila salamu. Aliisoma akiwa amesimama, watu wakimpita na mizigo. Aliisoma tena. Akatoa kwenye begi orodha yake ya mimea iliyooza, akalinganisha kwa kidole.

"Minne iliyooza yote imo humu," alisema. "Bado mitano."

"Hiyo mitano itaoza. Ing'oeni sasa, na yenye kuigusa, na watoto yake yote. Ile ingine ni mizima. Mia tatu makumi ine na moja. Minaapa."

"Kwa nini hukusema jana?"

Nikasema, "Jana kulikuwa na batu."

Alinitazama. Sikuona hasira, ila uchovu, kama wangu. "Mzee, jina lako limo humu chini. Nikipeleka hii karatasi wizarani, itarudi hapa."

"Ninajua."

Gari lilipiga honi. Kondakta akapaza sauti, "Docteur wa bahari, tunakuacha!" Bwana Nuhu aliikunja karatasi mara nne, akaiweka kwenye mfuko wa shati, juu ya moyo, akapanda.

Karatasi ilirudi, kama alivyosema. Niliitwa, nikaulizwa nani aliniagiza, nikasema. Directeur alisema hakumbuki, na huenda kweli hakumbuki. Alikuwa mtu wa kuagiza mambo mengi kwa siku. Nilisimamishwa kazi miezi miwili, kisha nikapewa barua ya kustaafu yenye mistari miwili. Neno heshima halikuwemo. Sikukuu haikuwepo. Mama Kahindo alikasirika nami mwezi mzima kwa kulitaja shamba lake, kisha akaja Bulengera na kikapu cha mapapai, akasema, "Nilikuambia za chini hazina nguvu," tukaishia hapo. Directeur alihamishiwa mji mwingine. Mama Chef alinijia siku moja, akaomba daftari langu akalipige picha ukurasa kwa ukurasa. Alikuwa na aibu ya kukaa, akanywa chai akiwa amesimama.

Ushirikiano na visiwa ulipofika mwisho wa mkataba haukuendelezwa. Hakukuwa na ugomvi. Barua zilipungua, wanafunzi walirudi kwao, bendera zile mbili sijui ziko kabati gani. Kituo cha Mangina leo hakina mtu, kwa sababu ya hatari ya barabara. Mama hamsini wamebaki na msitu. Vijana wananiuliza kama nina uchungu. Nimechoka tu. Mtu akifanya kazi miaka mingi hivyo, anataka apite asubuhi moja aone kitu alichopanda, na mimi siwezi kwenda kuona.

Lakini mtoto wangu ana simu nzuri, na mwezi uliopita aliniletea ujumbe wa sauti wa Bwana Nuhu. Alisema waling'oa mimea tisa na jirani zake, na watoto wote wa mimea hiyo waliokuwa kwa wakulima, basi. Waliobaki wametoa maua mwaka wa tatu na kila mwaka tangu hapo. Miti tisa ya kushikia imebaki mitupu, na vibati vyake vimerudishwa vinaning'inia pale pale. Kijana mmoja wa wizara alitaka kuijaza, Bwana Nuhu akakataa. "Nilimwambia hizo si nafasi tupu," alisema.

Kisha akacheka kidogo na kuuliza swali. Sasa wanakata kutoka kwa wazima waliokuwa wageni kwao. 31 Kakule amekwisha kuwa mama mwenyewe, ametoa watoto saba, Paluku mpaka Ndungo. Lakini ana nguvu ya ajabu, ametoa wa nane. Wamekata kipande, kimeota, na kibati kiko kitupu. Je, kwetu Wanande wa nane anaitwa nani?

Nilimwambia mtoto wangu asijibu kwa sauti, nitaandika mwenyewe. Nilishika ile simu muda mrefu, nikitafuta herufi moja moja. Niliandika: "Kilikatwa siku gani?"

Jibu lilikuja mara moja. Alhamisi.

Niliandika tena: "Basi jina lake mnalo. Huyo ni wa kwenu."